Mkwe Wangu na Pumzi Yake

Mwaka nilioingia kazi ya maji ulikuwa ule wa unga wa njano. Mvua ilikataa nchi nzima, mahindi meupe yakaadimika, na madukani Likoni tukawa tunauziwa unga wa rangi ya bizari uliotoka ng'ambo kwa meli. Ukiusonga, ugali unanuka kama chakula cha kuku. Watoto wangu waliutazama ule ugali, kisha wakanitazama mimi, kama kwamba nimewatukana. Muhogo wetu Mtongwe tulikuwa tunauchimba kabla haujakomaa, tunauchemsha kwa chumvi tu. Tui la nazi likipatikana ni Idi. Kwa hivyo mtu akiniuliza nilianza kazi lini, namwambia mwaka wa unga wa njano, na wa rika langu wanaelewa bila kuhesabu.

Nawaandikia nyinyi mliobaki kituoni, kwa sababu mliniomba, na kwa sababu nikisema kwa mdomo mnacheka kabla sijamaliza. Nilisoma mpaka darasa la nne. Herufi zangu kubwa na zinalala upande, mtavumilia.

Sikuajiriwa kuzamia. Niliajiriwa kufua, kwenye kituo cha kuzamia kilichokuwa ndani ya hoteli moja ya ufukweni. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango wa stoo nikakuta watu weusi wametundikwa ukutani, hawana vichwa, mikono inaning'inia. Wallahi nilisoma dua yote ninayoijua. Kumbe ndizo nguo za mpira za wageni. Zilinuka mpira, chumvi na mkojo. Ndiyo, mkojo. Kila anayevaa nguo ile hukojoa ndani yake, tajiri na maskini, na anayekataa ni mwongo. Basi shikeni hili: nguo ya mpira igeuzeni ndani nje, ifueni kwa maji baridi ya bomba, ianikeni kivulini. Ikikaa juani inapasuka kama kisigino.

Mwalimu wangu alikuwa Omondi, Mjaluo mfupi mwenye shingo nene, aliyestaafu uzamiaji katika jeshi la maji, pale pale Mtongwe kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kinakimbia bila salamu.

"Wewe mama, leta hiyo mtungi."

"Kwanza, hujambo?"

Akashtuka. "Sijambo."

"Watoto hawajambo?"

"Wako sawa tu."

"Haya. Mtungi wako huu hapa."

Tangu siku hiyo alinisalimia kila asubuhi kama anaripoti kwa mkubwa wake jeshini. Kiswahili hakikunyooka, lakini adabu ilinyooka.

Siku moja mgeni aliangusha mkanda wake wa risasi gatini, ule mkanda wa vyuma vizito unaomsaidia mtu kuzama. Omondi akaenda stoo kutafuta mtungi na miwani ili aufuate. Mimi niliona anachelewa. Nikafunga leso yangu vizuri kifuani, nikaingia. Mama yangu alizamia chaza katika hori la Mtongwe, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na mama yake kabla yake, nami nilikuwa nikiwafuata tangu sijaota meno ya utu uzima. Niliutafuta ule mkanda matopeni nikaupata, nikaupandisha. Omondi alikuwa amesimama gatini, mapezi ya mpira ya miguuni yako mkononi, jasho linamtoka.

"Umekaa chini muda gani?"

"Muda wa kutafuta."

"Ulikuwa unapumua?"

"Nipumue maji?"

Mwenye kituo, Mjerumani tuliyemwita Bwana Dieter, alikuwa kibarazani na aliona. Wageni wa kike walikuwa wakimuuliza kila msimu kama hakuna mwanamke wa kuwafundisha. Akaniuliza kama nataka kujifunza. Nikasema nataka. Omondi akatikisa kichwa.

"Huyu itakuwa ngumu kufundisha kushinda mtu hajui kuogelea," alisema.

Nilikasirika siku nzima. Kesho yake alinionyesha maana yake. Alinishusha kwenye mwamba, akachukua puto la watoto, akalijaza hewa ya mtungi kule kule chini, akalifunga, akaliachia. Puto likapanda, linavimba, linavimba, na kabla ya kufika juu likapasuka. Tulipotoka akanigonga kifuani kwa kidole: "Hiyo ndio pafu yako, ukipanda na mdomo imefungwa."

Hapo ndipo penye shida yetu watu wa hori. Anayezama kwa pumzi yake mwenyewe haumii akiibana, kwa sababu aliivuta juu na anairudisha juu. Lakini ukishavuta hewa ya mtungi chini, ukapanda umefunga mdomo, ile hewa inatanuka, na kifua hakina pa kuipeleka. Mgeni wa kutoka Ulaya, asiyejua bahari, hajui kubana wala kutobana. Unamfundisha kupumua siku zote, anapumua. Mwana wa pwani ukimshtua majini hufunga mdomo. Tumefunzwa hivyo kabla ya kujua kutembea, na kwa mafunzo hayo tumeponea wengi. Kwenye mtungi mafunzo yale yale yanaua.

Mimi tabia hiyo niliiacha kwa njia ya jikoni. Omondi alikuwa akiniambia, "Toa hewa pole pole," na mimi naitoa yote au sitoi kabisa. Mpaka siku moja nikakumbuka makaa. Moto wa kuni unapotaka kuzimika huupulizi kwa nguvu, utarusha majivu kwenye chungu. Unachongoa midomo, unatoa pumzi nyembamba isiyokatika. Nikapanda napuliza makaa. Toka siku ile kila mwanafunzi wangu, Mzungu au Mswahili, nilimfundisha kupuliza makaa. Wanawake walishika upesi. Wanaume wengi ilibidi kwanza niwaonyeshe jiko.

Maneno ya mtaani nayo yalikuwepo. Chini ya nguo ya mpira nilivaa suruali na fulana ya mikono mirefu, na juu yake leso mpaka niingie kwenye boti. Bado walisema. Jirani yangu mmoja aliniuliza kisimani, "Mama Mwanasha, ati siku hizi umekuwa nyoka wa baharini?" Nikamwambia nyoka yule watoto wake wanakula. Mume wangu, aliyefanya kazi kiwandani Changamwe, alikuja kuniangalia siku moja nikiwa nimevaa. Akanizunguka mara moja. "Umefunikwa mpaka shingoni," akasema. "Hata baibui halijakufunika vizuri hivi. Mimi nitalalamika nini?" Akaenda zake kunywa chai.

Nilivyopata cheti cha ualimu sitawachosha nacho. Maswali nilisomewa, majibu nikayatoa kwa mdomo, na mwenye kusahihisha alikuwa na haraka ya ndege. Nitawaambia ya kazi.

Onjeni hewa kabla ya kushuka. Fungueni mtungi, vuteni mara mbili. Hewa nzuri haina ladha. Ikiwa na ladha ya moshi, kompresa, ile mashine ya kujazia mitungi, ilikuwa inavuta pumzi ya injini yake yenyewe kwa sababu upepo umegeuka na mtu hakugeuza bomba. Temea mate ndani ya miwani, sugua, suuza. Dawa za dukani zinawasha macho tu. Usibebe mtungi kwa bomba lake. Usimwambie mwanafunzi "usiogope". Mwambie atazame mkono wako.

Mwanafunzi ninayemkumbuka kwa upendo ni mama mmoja wa Kihindi kutoka Nyali, mtu mzima, mume alikuwa amefariki, watoto wote ng'ambo. Masikio yake hayakufunguka, yakamuuma kila tukishuka. Tulishuka kwa kamba, mkono kwa mkono, tukifika urefu wa mtu mmoja ananionyesha sikio, tunapanda. Tunashuka tena. Asubuhi nzima. Samaki hakuona hata mmoja, maana tulikuwa juu mno. Tulipotoka nilitaka kumpa pole. Akanishika mikono yote miwili akasema, "Hakuna mtu ameningojea hivi tangu mume wangu afe." Nikamletea taulo.

Sasa nifike kwenye ile kesi ambayo mmekuwa mkiizungukazunguka mkidhani sisikii.

Baada ya fujo zile za Likoni za kabla ya uchaguzi, watu walipouawa na nyumba kuchomwa, wageni walikimbia. Vyumba vya hoteli vikawa na paka. Sisi wa kituoni tuliteseka, lakini aliyeteseka zaidi ni mvuvi wa kamba, kwa sababu kamba wakubwa huliwa na wageni, sisi hatuwezi bei yake. Mume wa binti yangu Mwanasha, Hamisi, alikuwa mzamiaji wa kamba anayejulikana Mtongwe nzima. Mwamba ule alikuwa akiujua kama mfuko wa kanzu yake. Ghafla hana wa kumuuzia. Wana watoto watatu, wajukuu wangu, na msinichokoze niwasifu, nikianza sitamaliza. Mkubwa wakati huo alikuwa na miaka saba na akisoma gazeti kwa sauti, mpaka matangazo ya vifo.

Wageni walipoanza kurudi, Bwana Dieter akataka kiongozi mpya wa kushusha wageni mwambani. Mwenyeji, anayejua kila pango. Akamchukua Hamisi, akamfundisha mwenyewe. Mimi nilikaa mbali kwa sababu ya heshima. Mkwe na mama mkwe kwetu hawatazamani machoni, hawataniani, na akitaka kunipa kitu hukiweka chini, nami nikakiokota. Lakini kanuni ya kituo ni kwamba anayefundisha siye anayepitisha. Omondi vyeti vyake vilikuwa vya jeshi tu, kwa hivyo aliyebaki wa kupitisha ni mimi. Omondi alicheka mpaka akashika ukingo wa boti.

"Sasa mtafanya aje, Mama? Huko chini hakuna mdomo. Ni macho na mikono tu."

"Chini ni kazini," nikamwambia. "Heshima itangoja juu."

Tulishuka kina cha mnazi mmoja. Hamisi alifanya kila nilichomwonyesha, vizuri kuliko wote niliowahi kuwapitisha. Alielea kama jani. Kisha nikampitia nyuma nikafunga bomba la mtungi wake. Siku hizi mtihani huo umekatazwa, na vizuri. Enzi zile tulikuwa tukiufanya, ili tuone mtu hewa ikimkatikia ghafla atafanya nini. Anatakiwa anigeukie, apitishe mkono shingoni kuonyesha hana hewa, achukue mdomo wangu wa akiba, ule wa pili wa kupumulia, tupande pamoja tukipuliza.

Hamisi alivuta, hakupata kitu. Nikayaona macho yake ndani ya kioo. Mdomo wangu wa akiba nilikuwa nimeunyoosha mbele ya uso wake. Hakuuona. Alifunga midomo kama mtoto anayekataa dawa, akapiga mapezi kuelekea juu.

Nilimdaka kwa mkanda wa begani. Akanivuta pamoja naye. Nikakunja ngumi nikampiga chini ya mbavu, tena, mpaka mapovu yakamtoka kama soda iliyotikiswa.

Juu, watu wa boti walikuwa wameinama ukingoni. Omondi aliona kila kitu, maji yalikuwa maangavu. Mama mkwe amempiga mkwe wake ngumi ya tumbo mchana kweupe. Hamisi alikohoa, akatema mate, hayakuwa na damu, nikamshukuru Mungu. Akainamisha kichwa.

"Ahsante, Mama," akasema.

"Unajua ulichofanya?"

"Sijui, Mama. Sikukumbuka kitu."

Na hakuwa akisema uongo. Tukamfundisha upya. Akijua nitafunga bomba, alipuliza kama birika, mtu angemtolea mfano. Kwa hivyo nikamwomba Bwana Dieter amfungie siku asiyotarajia. Alifunga mdomo, akapanda. Tukangoja, tukafanya mazoezi mengine, nikamwomba Omondi. Alifunga mdomo. Mara zote tulikuwa tayari kumdaka. Kichwa cha Hamisi kilikuwa kimeelewa. Mwili wake ndio ulikuwa umeshaamua tangu utotoni, na mwili ule ule ndio uliomlisha yeye na mke wake miaka yote. Sikumlaumu. Mimi niliponea makaa. Yeye makaa hayakumwingia.

Bwana Dieter akaniita ofisini.

"Mama, huyu ni samaki. Hewa haitamwishia hata siku moja. Atawaonyesha wageni mapango, basi. Msimu unaanza."

"Na mgeni akimshika mguu kwa hofu? Bomba likipasuka?"

"Mara ngapi limepasuka?"

"Likipasuka mara moja, mgeni amemfuata yeye. Atapanda naye."

"Wewe ndiye ulitakiwa kumtetea. Ni mtoto wako."

"Anayebana pumzi akiogopa, simpitishi, awe nani."

Alinitazama kama anamtazama mtu mwingine. Hakunifukuza. Alijua kuwa bila mimi hana mwalimu wa wageni wa kike. Akasema tu nafasi itakaa wazi mpaka wiki ya wageni, nibadilishe mawazo.

Habari ilivuka mtaa kabla yangu. Kesho yake adhuhuri Mwanasha aliingia uani kwangu bila hodi, mtoto mdogo mgongoni, wengine wawili nyuma. Wajukuu wakanikimbilia. Akawaita, "Rudini hapa." Walirudi. Hilo liliniuma kuliko yote aliyosema baadaye.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai. Nimekuja kuuliza. Ulimpiga mume wangu mbele za watu, tukanyamaza. Tukasema mama yuko kazini. Leo unatuondolea na sahani?"

"Sikuwaondolea sahani."

"Mama, wageni wangapi umewapitisha? Wazungu wasiojua hata kupungia mkono? Hamisi amelala na bahari tangu mdogo!"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini? Watu wanacheka. Mama mkwe wangu anasema ulitaka mwanao aolewe na mtu wa ofisi, sasa umepata njia."

"Mama mkwe wako aje ashuke nami na mtungi, nitamwonyesha."

"Usinifanyie mzaha!" Mtoto mgongoni akaanza kulia. Mwanasha alimtikisa, naye machozi yanamtoka. "Atarudi kule kule kuzama bila mtungi, bila mtu wa kumwangalia. Akifa huko utafurahi, maana cheti hukutia mkono wewe."

Hilo nililifikiria kabla hajalisema, msidhani sikulifikiria. Kule kwenye kamba anazama kwa pumzi yake, na anaijua kama ninavyoijua yangu. Kwenye mtungi angezama na pumzi ya kuazima, na wageni nyuma yake. Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia habari ya puto. Aliniambia hakuja kusikia habari ya puto.

"Sema tu ndiyo, Mama. Neno moja. Nani atajua?"

"Anayebana pumzi akiogopa, simpitishi, awe nani."

Aliondoka. Wajukuu waligeuka geuka mpaka wakakata kona. Chakula cha mchana niliwapa kuku.

Siku zilizofuata nilifanya kazi tu. Omondi, ambaye hajui kubembeleza, aliniletea miwa. Usiku nilimwuliza mume wangu kama nimekosea. Akasema yeye anajua mitambo tu. Mtambo ukiwa na valvu inayokwama kila shinikizo likipanda, huuwashi, hata kama unang'aa. Kisha akasema, "Lakini mtambo hauna mke." Akageukia ukutani.

Wiki ya wageni ilipokaribia, Hamisi alikuja. Peke yake, baada ya sala ya alasiri. Alipiga hodi, akangoja mpaka nikasema karibu. Aliweka mfuko wa samaki chini karibu na mlango, akakaa kwenye kizingiti, uso ameuelekeza njiani. Nami nikakaa ndani, nimepinda kidogo, nikipeta mchele usio na pumba. Ndivyo tulivyozungumza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Wazima?"

"Wazima. Mwanasha hajui kuwa nimekuja."

"Sitamwambia."

Alikuwa akichezea kidole chake chenye kovu la mwiba wa kamba.

"Mama, sikuja kubishana. Nimefanya mazoezi. Nimepuliza makaa jikoni mpaka Mwanasha akanifukuza. Nikiwa na akili zangu naweza. Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

"Ni ile hofu tu. Inanishika kabla sijaiona."

"Najua, baba."

"Kuna siku itaniacha?"

Mchele ulikuwa umeshakuwa safi zamani. Nilitaka kumwambia ndiyo. Ulimi ulikuwa umeshaipata sukari ya neno lile. Nikasema, "Sijui. Wengine huwaacha. Wengine wamezeeka nayo."

"Basi wageni wanakuja Jumatatu." Sauti yake ikashuka. "Mwanangu mkubwa jana aliniuliza nitavaa nguo ya mpira lini kama bibi. Nikamwambia wiki hii. Nipitishe, Mama. Hofu nitaiweza. Nakuapia kwa Mungu aliyeniumba, sitaogopa."

Nyinyi mmewasikia wanafunzi wakisema hivyo, kwenye boti, kabla ya kuruka. Wote husema kweli, mpaka hewa ikatike. Niliweka ungo chini. Nilimwonea huruma, na mpaka leo namwonea, na yeye ni baba wa watoto ninaowapenda kuliko macho yangu.

"Anayebana pumzi akiogopa, simpitishi, awe nani."